Mapazia ya Chumba cha Majaribio

Mtaani kwao walimwita Mama Angalia, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Mtoto akipita na kijiti mdomoni: "Angalia, utajichoma koo!" Jirani akipanda kitini kubadilisha taa: "Angalia, mguu wa hicho kiti umechoka!" Hata muuza nyama wa bucha la kona, mtu aliyeshika kisu tangu ujana wake, alikuwa akimwona tu anaingia, anakiweka kisu mezani na kusema, "Najua mama, najua. Vidole vyangu."

Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani, mlangoni kabisa, mahali ambapo mtu anaweza kushona huku jicho moja liko barabarani na jingine liko kwenye sufuria jikoni. Shule aliiachia darasa la saba. Hakufeli, wadogo zake tu walikuwa wengi na mama yao alikuwa na mikono miwili. Akapelekwa kwa shangazi yake aliyekuwa fundi, akaanza kwa kuokota sindano sakafuni kwa sumaku, akaja kukabidhiwa mkasi, na macho ya shangazi yalipochoka akaachiwa cherehani pamoja na wateja wake. Sasa alishona sare za shule ya msingi iliyokuwa mwisho wa barabara yao. Kila mtoto wa pale aliyekimbia, aliyeanguka, aliyenasa kwenye uzio, alikuwa amevaa mshono wake. Suruali zilizochanika zilirudi kwake, naye akazitia viraka huku akizigombeza, utadhani ni suruali zenyewe zilizopanda ukuta.

Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mbao. Alirudi asubuhi watu wakienda kazini, akaoga, akala, akalala mchana kutwa. Chumba chao kilikuwa na matundu ya hewa juu ya dirisha, yale ya matofali yenye maua, na yote Mama Angalia alikuwa ameyaziba kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye mishono. Hili kwa ajili ya vumbi, lile kwa ajili ya mbu, lile jingine kwa ajili ya baridi ya alfajiri, na la mwisho, la upande wa barabarani, kwa ajili ya macho ya watu. Kila tundu lilikuwa na sababu yake. Mume alilala humo akitoka jasho mpaka shuka likawa kama limetoka kwenye beseni, lakini hakuwa mtu wa kulalamika. Akiamka alisema tu, "Leo nimeiva upande mmoja. Kesho nigeuze."

Mtoto wao alikuwa mmoja, binti, na labda ndiyo maana woga wote wa nyumba ile ulimwangukia yeye. Alipokuwa mdogo hakuruhusiwa bembea. Alipofaulu kwenda chuo kikuu, akachagua usanifu wa majengo, mama yake hakupata usingizi mpaka alipoelezwa kwamba msanifu hapandi juu ya paa, anachora tu. (Baadaye aligundua kwamba anapanda vilevile, lakini wakati huo ada ilikuwa imeshalipwa.) Majirani walimwita binti Injinia, naye alishachoka kuwasahihisha. Mama ndiye aliyepata namna ya kuwaelewesha. "Mwanangu anakata," aliwaambia wateja wake huku akichora kitambaa kwa chaki. "Kushona wanashona wengine. Lakini akikata vibaya, hata ushone kwa uzi wa dhahabu, nguo haikai mwilini."

Mwaka wa mwisho wa masomo, darasa zima la kina binti lilipewa kazi moja: kubuni jengo la shule linalotumia umeme kidogo kadiri inavyowezekana, watoto wasome mchana bila taa na bila feni. Binti alipangwa pamoja na kijana mmoja mrefu, mwembamba, aliyenyooka, ambaye hakuwahi kuonekana bila rula kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kwa hiyo aliitwa Rula. Wawili hao wakachagua shule aliyosoma binti mwenyewe, ileile ya mwisho wa barabara, kwa sababu kamati ya shule ilikuwa inataka kuongeza madarasa na ilikuwa na ramani ya zamani ya kuta nyembamba na bati tupu. Binti aliyajua madarasa ya aina hiyo. Alisomea humo. Baada ya saa sita mchana, mwalimu alikuwa akifundisha vichwa vilivyolala juu ya madawati.

Mhadhiri wao na mwalimu mkuu wa shule wakakubaliana hivi: wanafunzi wajenge chumba kimoja cha majaribio nyuma ya stoo. Kikikamilika, kamati ije ikae humo mchana jua likiwa kali. Kamati ikiridhika, madarasa yote mapya yatafuata mtindo huo. Isiporidhika, bati lao liko palepale.

Binti alimweleza mama yake chumba hicho juu ya meza ya kukatia, kwa kusimamisha roli za uzi na kulalisha vipande vya vitambaa. "Hizi ni kuta, mama. Nene, za matofali ya udongo ulioshindiliwa. Zinachelewa kupata moto. Huku jua linakochomoza na huku linakozama, hakuna dirisha. Hapa juu ni bati limepakwa rangi nyeupe, chini yake nafasi, chini yake dari. Sasa angalia hapa..."

"Naangalia."

"Upande wa kivuli, karibu na sakafu, kuna matundu. Upande wa pili, juu kabisa chini ya dari, kuna mengine. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, inatokea juu. Ikitoka, inavuta ya baridi kutoka chini. Hakuna anayepuliza. Chumba kinapumua chenyewe."

Mama Angalia alikubali kwa kichwa. Hewa aliielewa. Matundu ndiyo hakuyapenda.

Alipokwenda kukiona chumba chenyewe, kuta zikiwa zimesimama na paa limekwisha kuezekwa, alikizunguka chote mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi. Sakafu laini, sawa. Madirisha ya juu yenye rafu nyeupe ya kurushia mwanga darini, sawa. Kulikuwa na mwanga mpaka kwenye pembe. Mlango bado, fremu tu. Lakini yale matundu ya chini! Yalikuwa marefu na mapana, yamejipanga usawa wa magoti. Akainama, akachungulia kutoka nje, akaona miguu ya Rula mpaka mapajani.

"Mwanangu, humu watakaa wasichana wenye sketi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na nje huku ni njia ya kwenda bombani."

"Tutaliangalia hilo, mama," alisema binti, lakini alikuwa juu ya ngazi na kipimajoto mkononi, na mama akasikia jibu la mtu aliye juu ya ngazi.

Akarudi nyumbani na wazo lake. Majirani zake wote watakuja siku ya wageni, kamati itakapokaa humo. Watakikuta chumba cha mwanawe kiko uchi, kina matundu kama kimeliwa na panya, na miguu ya watoto wa watu inaonekana bombani. Atacheka nani? Watacheka wote. Basi akatoa kitambaa kizito cha buluu kilichobaki kwenye sare za majira ya baridi, akakikata mapazia ya matundu ya chini, akayatia bitana. Ya matundu ya juu akayatengenezea marinda. Upande wa chini wa kila pazia akaushona kwa mkono, uzi usionekane, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu gauni la harusi yake mwenyewe. Jumamosi jioni, wanafunzi wakiwa wamekwishaondoka, akaenda kuyatundika. Mumewe alimbebea furushi na nyundo, kisha akaendelea na njia yake ya kwenda ghalani. Kabla ya kuondoka alisimama kwenye fremu ya mlango, akatazama.

"Mke wangu, hiki si chumba cha darasa tena. Mtu akiingia humu atatafuta bibi harusi."

"Nenda kazini."

Jumatatu wanafunzi waliyakuta. Mama Angalia alikuwa amesimama pembeni makusudi, aone nyuso zao. Binti alitazama juu, akatazama chini, kisha akamkumbatia. "Mama! Umeshona lini haya yote? Ni mazuri mno." Rula akafungua mdomo kusema kitu. Binti akamkanyaga mguu.

Mama aliuona mguu huo. Hakuna mguu uliokanyagwa katika mtaa ule bila yeye kuuona. Na hapo ndipo macho yake makali yalipompoteza, kwa sababu alidhani ameshaelewa: msichana hamkanyagi mguu mvulana hivihivi. Kuna jambo.

Tangu siku hiyo alianza kumpeleleza Rula. Alipokuja nyumbani kumfuata binti, akasema "Shikamoo mama," aliitikia "Marahaba" ndefu yenye maswali ndani yake. Anakaa na nani? Mama yake hajambo? Ana wadogo wangapi? Anakula vizuri? Rula alijibu yote kwa adabu na akala kila alichowekewa, jambo lililozidi kumtia mama wasiwasi. Kisha akagundua kwamba binti ameanza kutoka nyumbani alfajiri, giza halijatoka sawasawa.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Vipimo vya asubuhi, mama. Lazima tuwahi kabla ya jua."

"Na Rula?"

"Na Rula, ndiyo. Tunafanya kazi pamoja."

"Mm," alisema mama.

Alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa anavua viatu. "Mama watoto, kama mtu anaamka alfajiri ile kwa ajili ya mapenzi, mapenzi hayo ni ya kweli. Mimi nisingeamka."

"Wewe hukuamka."

"Lakini nilikuoa," alisema, akaenda kuiva chumbani kwake.

Ilipobaki wiki moja kabla ya wageni kuja, Mama Angalia alishindwa kujizuia. Alijitanda mtandio, akamfuata binti kwa mbali, akapita nyuma ya stoo ya shule, akasimama mahali ambapo kupitia fremu isiyo na mlango aliweza kuona ndani. Alikuwa amekwishaandaa maneno ya kusema, na sauti ya kuyasemea.

Ndani, binti yake na Rula walikuwa wanakunja mapazia.

Walikuwa wameyatoa yote, ya chini na ya juu, na kuyalaza juu ya magazeti masafi, wakayakunja pembe kwa pembe kama watu wanaokunja shuka la mgeni.

"Taratibu, utachana pindo," alisema Rula.

"Nimekulia kwenye vitambaa mimi. Wewe shika upande wako."

"Mpaka lini lakini? Kila asubuhi tunatoa, kila jioni tunarudisha, mama yako asije akapita akayakosa. Mimi nimesomea majengo, sikusomea udobi."

"Kunja."

"Si umwambie tu? Mama, chumba kinashindwa kupumua. Maneno hayo tu. Jumatatu ile tulipoyaacha kutwa nzima, humu palikuwa kama ndani ya helmeti ya pikipiki. Tukiyatoa, panapoa. Siyo siri ya serikali."

Binti aligeuza pazia moja upande wa chini. "Unaliona pindo hili? Kashona kwa mkono. Ana cherehani, lakini kashona kwa mkono. Mwalimu mkuu mwenyewe nguo zake zinapigwa mashine."

"Nimeliona. Ni zuri. Na siku ya wageni je?"

"Siku ya wageni yatakuwepo."

"Yatakuwepo wapi?"

"Ukutani. Mama atakaa mstari wa mbele, gauni ameshashona. Nimtazame usoni nimwambie nini? Kwamba kitu pekee alichokitia kwenye kazi yangu ndicho kinachoiharibu?"

"Chumba kikijaa watu na mapazia yamefungwa tutaiva. Mwenyekiti akianza kutoa leso, kwisha habari. Watajenga bati lao."

"Basi wajenge," alisema binti, na sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyekwisha kulilia jambo hilo mahali pengine.

Mama Angalia alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye njia ya bombani, kisha akageuka akaenda nyumbani. Hakukanyaga hata jani. Barazani alikaa kwenye cherehani, akasukuma pedali, na alikuwa ameshona nusu ya mkono wa shati alipogundua kwamba sindano haina uzi.

Kumbe mguu ulikanyagwa kwa ajili yake. Kumbe alfajiri zote zile ni kwa ajili yake. Alijaribu kuona haya, haya ikaja kidogo tu. Kilichokuja kwa wingi kilikuwa kitu kingine, cha joto, ambacho hakujua akiweke wapi. Alikuwa na mtoto aliyekuwa tayari kulipoteza jengo zima kuliko kuona pindo la mama yake limetupwa pembeni. Vizuri. Lakini jengo lile lisipotee. Akimwambia leo kwamba amejua, binti atakataa: hapana mama, ni mazuri, yabaki, na atayabakiza kweli, kwa ubishi aliourithi katika nyumba hiyohiyo. Kwa hiyo alitia uzi, akafumua mkono wa shati, akaanza upya. Hakumwambia mtu, hata mumewe, na kwa mwanamke aliyeshindwa kunyamazia hata kiti chenye mguu mbovu, hiyo ilikuwa wiki ndefu.

Siku ya wageni alivaa gauni jipya, akachukua furushi tupu, akafika shuleni mapema. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanapanga viti. Mapazia yalikuwa ukutani, yamenyooshwa, marinda yamepangwa moja moja. Alivuta kiti, akapanda, akaanza kuchomoa waya wa pazia la kwanza la juu.

"Mama!" Binti alikuja mbio. "Mama, angalia, hicho kiti kinacheza!"

"Naona. Kishike."

Binti akakishika. "Unafanya nini?"

"Nachukua mapazia yangu. Baba yako analala mchana na jua linamwingia machoni. Nilipima vibaya, nikatundika kwenye dirisha la watu."

"Mama, nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?" Akampa ncha ya pazia. "Shika upande wako. Taratibu, utachana pindo. Nimelishona kwa mkono."

Binti alisimama na pazia mikononi. Alimtazama mama yake, mama yake akatazama waya. Nyuma yao Rula alianza kukohoa.

"Na wewe, baba," alisema Mama Angalia bila kugeuka, "lete mikono hapa. Kama hukusomea udobi, leo umehitimu."

Rula aliacha kukohoa, akaja. Binti akaanza kucheka, kicheko kile cha kufuta macho kwa kiganja, na watatu hao wakayakunja mapazia yote pembe kwa pembe, kazi ambayo wawili kati yao walikuwa wameizoea sana.

"Ila ile miguu ya wasichana bado inaniuma," alisema mama furushi lilipofungwa. "Hilo sikufanyii utani."

"Njoo nje," alisema binti.

Nje, hatua moja kutoka kwenye matundu ya chini, kulikuwa na kiukuta kifupi kipya cha matofali yaleyale, kirefu kama chumba chenyewe, usawa wa kiuno. Mama Angalia alikwenda mpaka njia ya bombani, akainama, akachungulia. Akaona tofali. Akasogea kulia, akaona tofali. Akapiga magoti kabisa, na gauni jipya. Tofali.

"Hewa inapita nyuma yake, macho hayapiti," alisema binti. "Si nilikwambia tutaliangalia? Nilitaka ukione leo."

"Ulikuwa juu ya ngazi," alisema mama. "Nilidhani unanijibu tu."

Wageni walifika jua likiwa utosini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mnene, mfanyabiashara wa vipuri, aliyejulikana mtaa mzima kwa leso yake nyeupe, kubwa kama kitambaa cha meza. Kanisani, sokoni, mazishini, alikuwa akiipitisha usoni, shingoni, kisha ndani ya kola. Alitembea kutoka getini akijifuta. Akaingia kwenye chumba cha majaribio, akakaa, akakunja leso, akaitia kwenye mfuko wa shati. Mama Angalia, aliyekaa safu ileile ya mbele upande wa pili, aliyakaza macho yake kwenye mfuko huo na hakuyatoa.

Chumba kilijaa. Kamati, walimu, wazazi wamesimama nyuma, na darasa zima la watoto kwenye madawati, wote wakiwa wamevaa mshono wake. Mhadhiri, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alieleza kazi ya wanafunzi. Kisha binti akasimama. Mama yake angependa kusema alimsikiliza, lakini alisikia nusu tu. Kichwani alikuwa anaongea na leso. *Kaa humo. Kaa humohumo.* Mwalimu mkuu aliyekuwa na karatasi ya ratiba mkononi hakujipepea. Wazazi nyuma hawakujipepea. Mtoto mmoja alipiga miayo na mama akashtuka, lakini ilikuwa miayo ya kuchoshwa na hotuba, siyo ya joto. Tofauti aliijua, alishashona nguo za watoto wa aina zote mbili.

Mkono wa mwenyekiti ukaenda mfukoni.

Mama Angalia aliacha kupumua. Leso ikatoka, ikafunguka yote, nyeupe. Mwenyekiti akavua miwani, akaipulizia, akaifuta kioo kimoja, akaifuta kingine, akaivaa. Leso ikarudi mfukoni. Alikuwa anataka kuona dari vizuri.

"Feni mmeificha wapi?" aliuliza.

"Hakuna feni, mzee," alisema Rula.

"Na taa?"

"Hakuna iliyowashwa, mzee. Ni mwanga wa nje tu, unagonga ile rafu unarudi darini."

"Hata ya kutuwashia wageni? Basi nyie mna roho ngumu." Watu wakacheka. Mwenyekiti akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo, kama mtu anayempima mtoto homa.

Hotuba zilipokwisha watu walikaribishwa nje, chini ya turubai, kulikokuwa na soda na biskuti. Mwenyekiti alitoka na wenzake. Mama Angalia alibaki ameketi, ndiyo maana alikuwa wa kwanza kumwona akirejea. Alirudi na chupa yake ya soda, leso iko shingoni, akakaa pale alipokuwa amekaa, akavuta pumzi.

"Turubai lenu lina joto," alimwambia mwalimu mkuu aliyemfuata mbio. "Mwalimu, ile ramani yetu ya zamani iko wapi?"

"Ofisini, mwenyekiti."

"Ni karatasi nzuri, ngumu. Wape watoto wafungie madaftari." Akanywa soda. Kisha akamwona Mama Angalia, aliyekuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa na mtu yeyote isipokuwa mama yake mzazi. "Mama, kuna kitu usoni kwangu?"

"Hapana, baba," alisema Mama Angalia. "Hakuna kitu kabisa."

Aliporudi nyumbani na furushi lake, mumewe alikuwa amelala chali, shuka limemganda. Hakumwamsha. Alitundika pazia moja la buluu kwenye dirisha lao. Lilikuwa refu kupita kiasi, lakini lilikata jua lote. Kisha akapanda kitini. Akatazama matundu juu ya dirisha, la vumbi, la mbu, la baridi ya alfajiri. Akashika kitambaa cha kwanza, akakivuta. Kilikuwa kimekaa hapo muda mrefu mpaka kimechukua umbo la tundu. Akavuta cha pili. Cha tatu kilimsumbua kidogo. Hewa iliingia bila kelele, akaisikia kwenye kifundo cha mkono.

Kile cha upande wa barabarani alikigusa, akakifikiria, akakiacha. Upande huo hakukuwa na kiukuta cha kuzuia macho.

Binti alirudi na Rula jioni, wakiwa na habari ambayo mama alikuwa nayo tayari, na wakaisimulia yote tangu mwanzo, na mama akaisikiliza yote kama mpya. Sauti zao zilimwamsha mzee. Alitokea mlangoni akiwa amevaa fulana, amechelewa kujiandaa kwenda kazini, nywele zimesimama upande mmoja, na fulana yenyewe ni kavu. Alijipapasa kifua, akajipapasa mgongo.

"Mama watoto," alisema, "leo sikuiva."

"Kaa ule," alimjibu mkewe. "Na wewe Rula, kaa ule. Angalia hicho kiti."